Barua Iliyokwenda Mwanga Nyingine

Wanangu mnaoingia maofisini sasa, mmezoea kusema mtu fulani "kakalia faili" mkimaanisha kalichelewesha. Mimi nililikalia kweli. Nililiweka juu ya kiti changu, nikalifunika na mto, nikakaa juu yake siku tatu za kazi. Kila aliyepita akashangaa nimekaa juu juu kama kuku anayeatamia, nikamwambia mgongo unanisumbua. Lilikuwa faili la shujaa wa vita. Nitawaeleza, ila mnivumilie nikizunguka kidogo, maana aibu ya mtu mzima haitoki kwa mkupuo mmoja.

Naitwa Zainabu Hamisi. Hapa Singida mjini wengi wananiita Bi Zai wa masjala. Baba yangu alikuwa na duka la khanga na mafuta ya taa. Babu mzaa baba alitoka Pwani akifuata biashara, akaoa Mnyaturu, na tangu hapo sisi ni watu wa hapa hapa. Niliajiriwa katika ofisi moja ya serikali kama mpiga chapa nikiwa na miaka ishirini, vita vya Kagera vikiwa vimekwisha muda si mrefu, na nikatoka pale nikiwa bibi mwenye wajukuu. Kazi yangu yote ilikuwa karatasi. Bunduki sijawahi kuigusa. Hata kuku akichinjwa, mimi ninageuka upande wa pili na kuuliza kama tayari. Sasa pimeni wenyewe jinsi mtu wa namna hiyo alivyoweza kumzuia shujaa njiani kwa karibu miaka arobaini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Danieli, mkuu wa masjala, mwenyeji wa Kilimatinde, mtu mrefu, mpole, mwenye suruali zilizonyooka pasi kama rula. Siku hizi mkitaka nakala mnabonyeza tu. Sisi tulikuwa na karatasi ya kaboni, unaipachika katikati ya karatasi mbili, upande wenye wino ukitazama chini. Wiki yangu ya kwanza niliipachika kinyume. Nikapiga barua nzima ya mkuu wa ofisi kwa kasi ya kujionyesha, vidole vinalia kama mvua kwenye bati. Nilipoitoa, karatasi ya nakala ilikuwa nyeupe pe, na mgongoni mwa barua yenyewe maandishi yametokea yamegeuka, kama yale ya kwenye kioo. Mzee Danieli aliitazama, akaenda nayo chooni kwenye kioo cha kunawia, akaisoma yote huko. Akarudi akasema, "Imeandikwa vizuri sana, binti yangu. Sasa tuwaombe na wao watafute kioo."

Hiyo ilikuwa ndogo. Kuna siku niliandaa ratiba ya ziara ya mkubwa mmoja. Palipaswa pasomeke kwamba mgeni rasmi atalakiwa na wazee. Vidole vyangu vikaruka herufi mbili tu, na ratiba ikasambazwa kwenye kata zote ikisema: "Mgeni rasmi ataliwa na wazee saa nne asubuhi." Mzee mmoja wa Sekenke aliandika barua ya heshima kabisa, akiuliza kama wazee waje na chumvi yao au ofisi itatoa.

Baada ya hapo Mzee Danieli alinikalisha chini akanipa mambo mawili ya kushika. La kwanza, barua ukimaliza kuichapa isome kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Ukisoma kutoka juu, akili inasoma ulichokusudia kuandika. Ukisoma kinyumenyume, jicho linaona ulichoandika. Hilo nawaachia bure, na kwenye kompyuta linafanya kazi vile vile. La pili alilisema akiwa amevua miwani: "Neno likikosewa, watu watacheka na yatakwisha. Jina la mtu au la mahali likikosewa, kuna mtu atakaa mahali akisubiri. Usiliamini jina mpaka umeuliza."

La kwanza nililishika vizuri. La pili nililiitikia, "Ndiyo, mzee," nikaendelea na shughuli zangu.

Ikaja barua kutoka makao makuu. Luteni Yona Kitiku, ofisa wa jeshi, mwenyeji wa mkoa wetu, alikufa vitani na atatunukiwa nishani kwa ushujaa wake. Ofisi yetu ilitakiwa itoe jina la mjane wake na mahali anapoishi, ili aitwe kuipokea. Ofisa mmoja akauliza uliza, akaandika rasimu ya majibu kwa kalamu, akaniletea nichape. Mjane ni Rebeka, anaishi Mwanga. Aliandika hivyo tu, Mwanga, akiamini kila mtu ofisini anaijua.

Mwanga yetu wakati ule ilikuwa Iramba, na siku hizi baada ya wilaya kugawanywa iko Mkalama. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa mjini, hata Kiomboi nilikuwa sijafika. Mwanga niliyoijua ni ile ya kwenye ramani ya shule, iliyo Kilimanjaro, na jiografia lilikuwa somo langu la kuringia. Nikaona rasimu imepungukiwa. Nikamhurumia yule ofisa, mtu mzima asiyejua nchi yake. Nikamsaidia. Nikachapa: "Mwanga, Kilimanjaro." Nikaisoma barua kinyumenyume, haikuwa na kosa la herufi hata moja. Mzee Danieli alikuwa amelazwa na malaria wiki ile. Ofisa akaweka sahihi akiwa amesimama mlangoni, barua ikaenda posta, na mimi nikaenda kupimwa gauni langu la harusi. Kwa kweli nilijiona nimefanya kazi nzuri siku hiyo.

Miaka ikapita, na mimi nikasahau kabisa. Nilizaa, nikalea. Mzee Danieli alistaafu, akarudi kwao Kilimatinde, na baadaye tukaenda kumzika. Mashine za chapa zikaondolewa, zikaletwa kompyuta. Siku ya kwanza nilitafuta kwa mkono ile fimbo ya kurudishia mstari, nikapiga kikombe cha chai kikamwagikia mwalimu wetu wa kompyuta. Nilipoandika barua yangu ya kwanza, kompyuta ikachora mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili. Nikajua nimechemsha kuanzia salamu hadi sahihi. Nikaenda kumwomba radhi mkuu wa utawala, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, akacheka mpaka akashika meza. Ndiyo kwanza nikaambiwa mashine ile ilikuwa haijui Kiswahili.

Miezi minane kabla ya kustaafu kwangu, aliingia masjala mwanamke wa miaka arobaini hivi, na bahasha ya kaki mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

Alijitambulisha kuwa mwalimu wa shule ya msingi, anaitwa Neema Yona, ametoka Mwanga. Alikuwa anatafuta karatasi yoyote inayomhusu baba yake, Luteni Yona Kitiku. Wanangu, lile jina halikunishtua hata kidogo. Nilikuwa nimechapa majina mengi kuliko mchanga wa ziwani. Nikamuuliza tu anahitaji karatasi ya nini, na yeye akanieleza polepole, kama mtu aliyezoea kueleza bila kusaidiwa.

Baba yake aliondoka kwenda vitani yeye akiwa tumboni. Baadaye ikaja simu ya maandishi kupitia posta, maneno machache, kwamba Luteni amefariki na amezikwa Kagera pamoja na wenzake. Hawakuona mwili wala kaburi. Kabla hawajakaa sawa, askari mmoja wa kijiji cha jirani akarudi na kusema amemwona Yona kwa macho yake mjini Mbarara, kafungua duka la sukari, kaoa, ana tumbo. Baba mkubwa wa Neema, Mzee Petro, akayashika maneno hayo. Akakataa matanga yasiwekwe. Akasema, "Hatumlilii mtu anayeuza sukari."

"Basi mama akabaki hivyo," Neema alisema. "Akitaka kulia anaambiwa mumeo yu hai. Akicheka anaambiwa mumeo kakukimbia. Kanisani wajane wakikusanywa, yeye hayumo. Akina mama wenye waume wakikaa, hayumo. Umri umeenda, mama. Nataka hata karatasi moja inayosema baba alikufa."

Nikamwambia arudi baada ya siku tatu. Nikaingia chumba cha majalada ya zamani nikiwa na kitambaa puani kwa ajili ya vumbi na ari yote ya mtu anayetaka kustaafu kwa sifa. Nililipata mchana. Nikafungua, nikaiona nakala ya kaboni ya barua yetu: Mwanga, Kilimanjaro. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Sasa mpumbavu gani huyu?"

Zamani chini ya kila barua, upande wa kushoto, tulikuwa tunaweka herufi za jina la mwenye sahihi, mkwaju, halafu herufi za mpiga chapa, ili barua ikiharibika ajulikane wa kuulizwa. Nikatazama pale chini. Paliandikwa zh.

Chini yake kulikuwa na barua nyingine kutoka makao makuu, ikisema mjane hakupatikana mahali palipotajwa, na nishani itatunzwa mpaka ndugu wapatikane. Kulikuwa na mwandiko wa kalamu kwamba iwekwe faili. Ulikuwa wa nani sikuutambua, na sikujisumbua kuutambua. Maandishi yangu yalinitosha.

Hapo ndipo nilipolipeleka lile faili chini ya mto. Niliwaza kila alichoweza kuwaza mwoga. Nikasema nimebakiza miezi minane, Mungu asingeshindwa kulificha miezi minane. Nikasema labda panya walikula. Siku ya pili nilifanya jambo ambalo hata mume wangu sikumwambia. Wapiga chapa wa zamani tulikuwa tunafuta makosa kwa wembe, unakwangua wino kidogo kidogo bila kutoboa karatasi, na mimi nilikuwa fundi. Nilifunga mlango, nikachukua wembe, nikaanza kukwangua zile herufi mbili. Nikafika nusu ya z. Ilikuwa inatoka vizuri ajabu. Nikajiona nilivyoinama, miwani puani, nafanya kazi safi kabisa kuliko ile niliyoifanya siku ya barua yenyewe. Nikajionea kinyaa. Nikaweka wembe chini, nikarudi kukaa juu ya faili.

Siku ya tatu Neema alirudi, na safari hii alikuwa na kikapu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama kanituma nikuletee huyu kuku, kwa usumbufu tuliokupa. Kasema kama umekosa karatasi, basi, usijisikie vibaya. Ulijitahidi."

Kuku wa kienyeji, jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kitambaa kisafi. Alinitazama kwa jicho moja kama wanavyotazama kuku. Nikasimama. Nikaondoa mto, nikachukua faili, likiwa bado na joto langu, nikaliweka mbele yake na kumwonyesha mstari kwa kidole.

"Aliyeandika hivi ni mimi," nikasema. "Hakuna aliyeniambia niandike Kilimanjaro. Niliongeza mwenyewe."

Neema alisoma barua ya kwanza, akasoma ya pili, akarudia ya kwanza. Nilipokuwa nasubiri anitukane, aliuliza, "Kwa hiyo nishani ipo?"

"Ilikuwepo. Naamini ipo."

"Na baba hakukimbia."

"Baba yako alikufa vitani, mwanangu. Walitaka kumwambia mama yako wakakosa pa kumpata."

Alilifunga faili. Halafu akaniuliza, "Ulikuwa na miaka mingapi ulipoandika?"

"Ishirini."

"Mama alikuwa na ishirini na mbili," alisema. Akainuka, akatoka bila kuaga, akamwacha jogoo.

Mkuu wa utawala aliingia akamkuta jogoo anawika chini ya meza na mimi nalia. Nikamweleza yote. Kijana wa watu alikaa akashika kichwa, kisha akafanya kilichopasa. Alinipa barua ya onyo. Na kwa kuwa mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi, barua hiyo niliichapa mwenyewe. Niliisoma kinyumenyume mara tatu. Ni moja ya barua safi kabisa nilizowahi kutoa ofisini pale.

Kisha tukaandika makao makuu upya. Nilichapa: Kijiji cha Mwanga, Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida, Tanzania. Mkuu akanizuia nilipotaka kuongeza Afrika Mashariki. Kabla haijaondoka nilimpigia simu mtendaji wa kijiji, nikamwomba anitajie jina la mjane herufi kwa herufi. Akaniuliza kama mimi ni mtoto wa shule. Nikamwambia ndiyo. Hilo ndilo Mzee Danieli alitaka nifanye siku ile, wanangu, na lilichukua muda wa kunywa kikombe cha maji. Tangu hapo kila wiki nilipiga simu kuuliza barua imefika meza ya nani, mpaka binti wa upande wa pili akawa akisikia sauti yangu anasema, "Bi Zai, bado, lakini inakuja."

Ikaja. Kumbukumbu zilikuwepo, nishani ilikuwepo, na Luteni angetunukiwa hapa hapa Singida, uwanjani, mbele ya watu. Nilikuwa nimebakiza wiki chache kazini. Nilipewa jukumu la viti vya familia, nikaandika jina la mjane kwenye kikaratasi na kulibandika kwa gundi, uzi na pini, kwa sababu upepo wa Singida mnaujua.

Asubuhi ya sherehe niliona gari limesimama na Neema anashuka, na nyuma yake mwanamke mfupi, mkavu, kitenge kipya, kitambaa kichwani kimefungwa barabara. Tangu siku ya jogoo nilikuwa nazungumza na Neema kwa simu, mazungumzo mafupi ya kazi. Mama yake nilikuwa sijamwona. Miguu iliniambia niende kupanga viti vya upande wa pili. Nikailazimisha kwenda kwake.

"Shikamoo dada."

Alinitazama kuanzia viatu hadi mtandio.

"Marahaba. Wewe ndiye wa Kilimanjaro?"

"Ni mimi, dada."

"Huko kuna baridi kweli kama wanavyosema?"

"Sijawahi kufika, dada."

"Hata mimi," akasema, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Bendi ikapiga. Nishani ililetwa juu ya mto mdogo mwekundu. Ofisa mkubwa mwenye mabega yaliyojaa vyeo alimkabidhi Mama Neema kwa mikono miwili, akarudi hatua moja nyuma, akampigia saluti. Mama Neema hakujua mtu anajibuje saluti. Akaitikia kwa sauti, "Marahaba, mwanangu." Watu wakacheka, wakapiga makofi, na yule ofisa akainamisha kichwa kama kijana wa nyumbani.

Kisha yakasomwa maelezo ya ushujaa wake, na hapo upepo ukaharibu. Ukaingia kwenye kipaza sauti ukawa unavuma vuu, vuu, na maturubai yanapiga kelele. Kilichosikika ni "Luteni Yona Kitiku," kisha vuu, kisha "asanteni." Mama Neema alikuwa amenyoosha shingo muda wote. Akapewa bahasha yenye maelezo hayo, akaishika pamoja na nishani.

Wageni walipotawanyika kwenda kula, nilijipitisha kumuaga. Yeye alikuwa ameshaingia kwenye gari.

"Wewe," akaniambia. "Panda."

"Dada, nina viti vya kurudisha."

"Viti vina miguu. Panda. Wewe uliandika vibaya, sasa utakwenda kusoma vizuri."

Nikapanda na viatu vyangu vya sherehe. Njia nzima tulimsikiliza dereva akisifia alizeti. Tulifika Mwanga jua likiwa bado juu. Mama Neema hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja nyumba ya pili, kwa shemeji yake. Mzee Petro alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini mwa ghala, mzee wa miaka themanini na zaidi, kofia kichwani, fimbo magotini. Alikuwa amekataa kuja kwenye sherehe.

"Shemeji," Mama Neema akasema, "huyu anatoka ofisini. Msikilize."

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Soma."

Nikafungua bahasha. Kwanza niliishika karatasi juu chini, na mimi ndiye niliyesoma karatasi za watu maisha yangu yote. Ilisema kwamba Luteni Yona Kitiku alikuwa kamanda wa platuni. Askari wake walikwama ng'ambo ya daraja lililokuwa likipigwa na adui. Alivuka, akambeba majeruhi mmoja akamrudisha. Akavuka tena, akamrudisha wa pili. Aliambiwa inatosha. Akavuka mara ya tatu, akamtoa askari wa miaka kumi na tisa, akamsukumia mikononi mwa wenzake. Askari huyo alipona. Luteni alipigwa pale pale darajani, akafa kabla ya kufikishwa kwa daktari. Alizikwa na kikosi chake.

Nilipomaliza, Mzee Petro alisema kitu kwa Kinyiramba, na Neema akaniambia anataka nirudie. Nikarudia. Pale kwenye daraja akaniashiria niende polepole.

"Hakuna Mbarara humo?" akaniuliza.

"Hakuna, mzee."

"Hakuna duka?"

"Hakuna duka, mzee."

Alivua kofia, akaiweka juu ya goti. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote.

"Nilipenda awe na duka," alisema. "Ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni. Nikajiambia, bora auze sukari, bora atusahau, bora anenepe huko."

Mama Neema alikaa chini, pale pale kwenye vumbi na kitenge chake kipya.

"Ungeniambia hivyo, shemeji," akasema. "Tungengoja wote wawili."

Walikaa hivyo. Mimi nilisimama na karatasi yangu, sijui niikunje au niishike, nikiwa na hamu kubwa ya kuwa kiti.

Kisha Mama Neema akasema, "Sasa nataka matanga."

 Mzee Petro alichukua fimbo, akainuka kwa shida, akatoka nje ya boma lake, na tukamsikia anaita jirani wa kwanza kwa jina, akimwambia, "Njooni, Yona amefariki." Akaita wa pili. Sauti yake ilipofika nyumba ya tatu, Mama Neema aliachia kilio ambacho mimi sijawahi kukisikia na sitaki kukisikia tena. Neema akamshika. Wanawake wakaanza kuingia na mikeka, mmoja mmoja, wengine wamezaliwa miaka mingi baada ya vita, wakikaa chini bila kuuliza. Kila kundi lililofika lilitaka kusikia, na kila mara Mama Neema alininyooshea kidole. Nikasoma mpaka sauti ikakwaruza.

Katikati ya hayo nikakumbuka kwamba mimi bado ni mtumishi wa umma. Nikatoka kando, nikampigia simu mkuu wa utawala.

"Mkuu, naomba ruhusa ya siku tatu. Nimefiwa."

"Pole sana, Bi Zai! Nani tena?"

"Luteni Yona Kitiku."



"Bi Zai, si ndiye tuliyemtunukia leo asubuhi?"

"Ndiye, mkuu."

"Si alifariki hata mimi sijazaliwa?"

"Ndiyo, mkuu. Lakini msiba umeanza leo."

Nikasikia karatasi zinafunuliwa, nikajua anatafuta kanuni ya utumishi inayohusu jambo hilo. Hakuipata.

"Basi kaa huko," akasema. "Utufikishie pole."

Nyuma yangu mwanamke mmoja alikuwa ananiita, anauliza kama huyu mgeni wa ofisini anaweza kubeba ndoo au ni wa kusoma tu. Nikavua viatu, nikajifunga khanga kiunoni, nikamfuata kisimani.